Aliyeleta Maneno Aonje Kwanza

La, hakuna mtoto aliyekufa. Wewe ngoja, usiniharakishe. Huyo mtoto wa kufa aliongezwa tu, na aliyemwongeza ni Nekesa, mjukuu wa Phelista, pale Bungoma. Tena sababu haikuwa sumu wala dini. Ilikuwa wivu.

Miaka hiyo simu ndogo za tochi zilikuwa zimeanza kuingia kila boma. Kila asubuhi Nekesa alifagia uwanja, akanywa chai, akampitia rafiki yake Ivy, wakaenda shule wameshikana mikono. Wakati wa mapumziko walikaa kwa jiwe moja nyuma ya jikoni ya shule wakigawana muwa. Mpaka Nasro akaja kutoka Kitale.

Nasro alikuwa mpole, na mama yake, Sabiha, mtu wa msikitini, aliuza sambusa za ndengu karibu na lango. Basi jiwe likawa la Ivy, Nasro na sambusa moto. Nekesa akija walisogea apate nafasi, hata sambusa walimpa. Lakini wivu haushibi sambusa. Siku moja hata nyanya yake akasema, "Huyo mtoto wa Sabiha anajua kusalimia watu kukushinda." Nekesa akalala na neno hilo kama mtu aliyelalia gunzi la mahindi.

Ndipo ujumbe ukaingia kwa simu ya mjomba wake, Hillary. Ulisema watu wa msikitini wanatia sumu kwa chakula wanachouza, na usipoutuma kwa wengine, mabaya yatakupata.

"Nani ameandika?" Nekesa akauliza.

"Imetoka kwa intaneti bana!" Hillary akasema, kama vile intaneti ni mzee wa kanisa.

Nekesa hakuamini sana. Lakini kesho yake akamwona Nasro amefungwa kichwani utepe mwekundu wa Ivy, ule ule Ivy alimnyima yeye. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Ivy, tema hiyo sambusa! Kuna mtoto Kitale amekula zao akafa. Iko kwa intaneti!"

Hiyo Kitale aliiweka mwenyewe. Na huyo mtoto pia.

Ivy akatema. Watoto wakapeleka habari nyumbani, na jioni sambusa za Sabiha zikabaki mezani, baridi. Baada ya siku chache vijana wakaanza kusema ile meza ivunjwe, mwenyewe afukuzwe. Ivy akarudi kwa jiwe, karibu na Nekesa. Alichotaka si amepata? Lakini Ivy hakucheka tena. Hata maji ya shule aliogopa kunywa.

Jumamosi, kwa mashine ya kusaga, mama mmoja anaitwa Waruguru akawa anasimulia. "Watoto watatu wamekufa Kitale! Ati matumbo yamevimba hivi!"

Nekesa alikuwa hapo akingoja unga. Kumbe ni kweli! Akabeba unga akakimbia. Alipofika nusu ya njia akasimama. Kitale? Si Kitale ni mimi nilisema? Uongo wake mwenyewe ulikuwa umetembea, umenenepa, umerudi kumtisha.

Akamwambia kukhu wake, yaani nyanya yake, yote, hata wivu. Phelista hakupiga kelele. Alijifunga leso kiunoni.

"Twende kwa Sabiha."

"Kukhu, vijana wako huko na fimbo."

"Najua. Magoti yangu pia yanaogopa, lakini yatatembea."

Walimkuta Sabiha na Nasro wakikunja kitambaa cha meza ili warudi Kitale. Vijana walikuwa wamewazunguka, Hillary akiwa mbele, na watu wengine, hata Ivy, wakitazama.

"Hillary! Wewe uliona nani akitia sumu?" Phelista akauliza.

"Mama, ni intaneti ilisema..."

"Intaneti ni mtoto wa nani? Inakaa boma gani nikaiulize?" Watu wakacheka kidogo. Phelista akageuka. "Kwetu aliyepika huonja kwanza, mgeni aone chakula ni kizuri. Leo aliyeleta maneno ndiye ataonja."

Nekesa akachukua sambusa moja kati ya zilizobaki. Alijua mtoto wa Kitale hayuko, lakini bado aliigeuza mara mbili. "Huyo mtoto nilimtunga mimi," akasema. "Nilimwonea Nasro wivu." Akauma. Watu wote wakamtazama akitafuna. Akameza.

"Iko na pilipili," akasema, na machozi yakamtoka.

Ivy akacheka, akachukua yake. Hillary akaweka fimbo chini, akaambiwa na mama yake alete benchi.

"Ulifanya nikae peke yangu," Nasro akamwambia Nekesa.

"Najua. Unisamehe."

Nasro akaanza kupanga vikombe. "Kesho kwa jiwe utakaa pale pembeni."

"Nitakaa."

Usidhani wivu ulikufa hapo hapo. Ivy alipomnong'oneza Nasro, ulimfinya tena. Lakini Nekesa alitafuna, akanyamaza.

"Watoto wangu, na wewe Hillary," Phelista akasema, "neno likikuja limebeba hofu, tena linakuharakisha ulitume, likalishe chini kwanza. Uliza nani ameandika, na nani ameona kwa macho yake. Halafu ujiulize, mbona mimi nalipenda? Maana mengi hatuyapeleki kwa sababu ni ya kweli. Tunayapeleka kwa sababu yanamchoma mtu tunayemchukia."

Sabiha alikuwa ameshatandika kitambaa tena, anamimina chai.

"Sasa mbona mmesimama, mama? Kaeni."

Wakakaa, wengine kwa benchi, Hillary kwa kreti iliyopinduliwa, Nekesa pale pembeni. Nasro akampitishia sahani, nao wote wakala.