Msalaba wa Bua la Pamba

Jumatatu ile ilikuwa Jumatatu ya kawaida kabisa. Kuku wanaparua, jua linawaka, mimi nachekecha unga. Nasema hivyo kwa sababu nawajua nyie, mnataka mambo ya kutisha yaanze na radi na paka mweusi. Hapakuwa na paka. Kama moyo wako ni wa karatasi, ishia hapo hapo, kalale.

Mimi naitwa Maganga. Shule niliishia la nne, mwalimu akasema kichwa changu kimeshajaa, hakiingii kitu tena. Lakini kwa kusonga ugali, kuanzia Bariadi mpaka Lamadi hakuna wa kunikaribia. Nimewahi kusonga ugali wa watu mia nane kwa mkono mmoja, mkono wa pili najikuna mgongo. Na nguvu ninazo. Dume la ng'ombe likinikuta njiani linapisha, na samahani linaomba.

Nilikuwa mpishi wa shangazi yangu Mektilda, njia ya Migato. Mwaka ule serikali ilipofungua biashara ya pamba, kila mwenye mzani akawa mnunuzi, ushirika ukaanguka puu. Ghala lao likabaki na popo. Parokia ikalipata, shangazi akapewa alisimamie. Akafukuza popo, akagawa vyumba, akapaka chokaa, akaliita Nyumba ya Ukimya. Kilikuwa kituo cha mafungo. Watu wanakuja kupumzika na kusali siku tatu bila kusema neno. Wengi walikuwa wale waliopunguzwa kazi, wanakuja kulia mahali ambapo hakuna wa kuwauliza unalia nini.

Sheria ilikuwa moja. Ukifika, unachukua msalaba wa mninga kwenye misumari ya mlangoni, unauvaa shingoni. Ukishauvaa husemi, na hakuna ruhusa ya mtu kukusemesha wala kukuuliza jina. Misalaba ilikuwa kumi na miwili. Wageni kumi na wawili, basi.

Wiki ile alikuwemo Kabula, binti pekee wa shangazi. Ndoa yake ilikuwa Jumamosi inayofuata. Mama yake akamwambia anyamaze siku tatu kwanza, ndoa ina makelele ya kutosha. Kabula na kunyamaza, wapi na wapi. Yule msichana akiimba kanisani Migato, ng'ombe wa Bariadi wanageuza masikio. Na usafi wake ulikuwa ugonjwa. Akikuta ndoo jikoni kwangu ataiosha, ataifudikiza juu ya jiwe, ataweka na kokoto moja jeupe juu yake. Hata ndoo ya pumba za nguruwe.

"Kaka Maganga," ananiambia, "nguruwe wanakula kwenye chombo kisafi kuliko wageni wako."

Adui tulikuwa naye mmoja. Januarius Mhoja. Mkulima wa pamba, heka mia tatu, mpaka macho yanachoka. Kibarua huoni hata mmoja. Leo shamba limejaa magugu, kesho asubuhi ni jeupe kama kipara changu. Tulisema ana trekta. Trekta lenyewe hakuna aliyelisikia likinguruma. Huyo ndiye aliyelitaka lile ghala kwa ajili ya pamba yake, akalikosa, na hajawahi kusamehe.

Asubuhi ile alisimamisha lori getini. Hakushuka.

"Mektilda. Bado umekaa kwenye ghala langu?"

"Ghala la Mungu hili, Mhoja. Mashamba yote yale hujashiba tu?"

"Mashamba ninayo. Pa kulaza watu wangu ndiyo sina."

"Watu gani? Nani amewahi kumwona mtu wako?"

Mhoja akacheka. "Wangu hawapendi kuonekana. Kusema pia hawasemi. Wangekufaa sana hapa. Nikuletee mmoja?"

Shangazi yangu mdomo wake ni wembe. Tangu azaliwe hajawahi kumwachia mtu neno la mwisho. "Mlete," akasema. "Nyumba hii haijamkataa mtu anayekuja kunyamaza."

Mimi nilicheka mpaka mwiko ukanitoka. Mhoja yeye aliacha kucheka.

"Umemkaribisha mwenyewe," akasema taratibu. Akageuza lori.

Kwetu neno karibu ni kama mate. Ukishayatema, huyarudishi kinywani.

Mchana nikapakua sahani kumi na mbili. Nikachungulia kwenye dirisha la jikoni nione wanavyofurahia mikono yangu. Kuna mtu hana sahani. Amekaa mwisho wa benchi, amenipa mgongo, khanga imepauka haina rangi, na kamba ya msalaba iko shingoni. Nikasema ni mimi nimekosea, ingawa mimi huwa sikosei. Kumuuliza siruhusiwi. Nikapeleka sahani ya kumi na tatu, nikaiweka mbele yake. Hakuinua uso.

Sahani ilirudi kama ilivyokwenda. Ugali haujaguswa. Nakwambia nilitukanika, ugali wangu umekataliwa na mtu asiye hata na viatu. Nikaubeba nikawamwagie nguruwe. Nikakuta nguruwe wanalia njaa. Ndoo yao ya pumba, niliyoijaza mwenyewe asubuhi, ilikuwa imelambwa mpaka chini.

Jumanne ilikuwa na saa ya kazi. Wageni wote wanapalilia bustani, kimya kimya, shangazi anasema jembe nalo ni sala. Wengine wanalima kidogo, wanajinyoosha, wanafuta jasho. Yule wa mwisho wa benchi hakujinyoosha. Jembe lilikwenda juu na chini, juu na chini, kama limefungiwa mashine. Alimaliza tuta lake. Akamaliza la jirani. Akafika kwenye uzio, akaendelea kulima palepale, ardhi tupu, mpaka Kabula alipomshika mkono.

Nilimwona Kabula akimtazama usoni. Nikamwona Kabula akiacha jembe lidondoke.

Baada ya chakula alikuja dirishani kwangu. Alivunja sheria, akaninong'oneza.

"Kaka Maganga. Yule dada ni Generoza."

"Generoza gani?"

"Wa kwaya. Tuliyemzika."

Generoza nilimzika mimi. Nilikuwa mmoja wa waliobeba jeneza, na lilikuwa jepesi kama kikapu cha manyoya. Wenzangu walipoanza kutazamana, mimi nikatamba. Nikasema msishangae, ni kwa sababu Maganga yupo. Watu wakacheka, tukazika. Hilo ndilo kosa langu. Mwenye akili angefungua lile jeneza.

"Umemfananisha," nikamwambia.

"Nilimwuliza, wewe ni Gene? Akafungua mdomo. Hamna ulimi mle, kaka."

Hapo ndipo nikaona kile kilichokuwa shingoni kwa Kabula. Haukuwa msalaba wa mninga. Vilikuwa vipande viwili vya bua la pamba, vimefungwa msalaba kwa uzi mbichi wa pamba.

"Huo umeutoa wapi?"

"Ulikuwa unamkata shingo. Nimemwonea huruma. Nimembadilishia, nimempa wangu." Akajaribu kucheka. "Nipe maji, koo linanikauka."

Alikunywa mtungi mzima. Sikutia chumvi hapo. Mtungi mzima.

Tulimwendea shangazi. Alimsikiliza mwanae mpaka mwisho, amebana midomo. Nikamwambia tuwatoe wageni wote sasa hivi, tumwite padri, tupige yowe, kijiji kije na fimbo.

"Mafungo hayavunjwi," akasema. "Nikiyavunja leo, kesho Mhoja amelala humu na pamba yake. Kesho saa sita mchana tunafungua ukimya. Kila mtu atasema jina lake na Amina. Asiyeweza kusema, tutamjua mbele ya mashahidi, na aliyemleta tutamtaja."

"Mama, naomba niutupe huu," Kabula akasema, ameushika msalaba wa bua. Sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza.

"Utupe. Ni kijiti tu."

Kabula akavuta. Uzi haukukatika. Nikaleta kisu changu cha kuchinjia, kisu kinachokata mfupa wa nyati. Kikateleza. Uzi wa pamba, mwembamba kama nywele, ukakishinda kisu.

Shangazi akasali juu yake muda mrefu. Kisha akasema, "Vumilia mpaka kesho, mwanangu." Nilimwona anaogopa. Lakini aliogopa zaidi kuchekwa na Mhoja.

Jumatano saa sita. Jua la utosini. Wageni wamekaa duara uani, chini ya jua jeupe, kila mtu na msalaba wake. Kabula alitoka chumbani wa mwisho. Alitembea polepole, akakaa karibu na Generoza. Nilimpungia mkono. Hakuniona.

Shangazi akaanza. Wa kwanza akasema jina, Amina, akaenda kutundika msalaba. Wa pili hivyo hivyo. Wanacheka sasa, wanakumbatiana, wanakohoa kama watu waliotoka majini. Misumari inajaa. Saba. Nane. Tisa. Kumi. Kumi na moja.

Ikafika kwa Generoza.

Shangazi akamkazia macho.

Generoza akainua uso. Akafungua mdomo.

"Kabula," akasema. "Amina."

Ilikuwa sauti ya Kabula. Ile ile. Ya kwaya. Ikalia pale uani kama kengele.

Akasimama, akatundika msalaba wa mninga kwenye msumari wa kumi na mbili. Misumari ikaisha.

"Na wewe, mwanangu," shangazi akasema. Nadhani alishajua. "Sema jina lako."

Kabula akafungua mdomo. Akaufungua sana. Mle ndani palikuwa peusi na pakavu. Hakikutoka kitu.

Nikasikia injini. Lori lilikuwa getini, linanguruma, na hakuna aliyelisikia likifika.

"Nimemfuata mgeni wangu," Mhoja akasema kwa upole. Alikuwa bado nje ya geti. Mguu hakuuingiza. "Yule mwenye msalaba wangu."

Kabula akainuka.

Shangazi akapiga magoti mbele yake. Kabula akampita. Mimi nikamkumbatia kiunoni kwa mikono yote miwili. Mimi, niliyekwambia dume linanipisha. Msichana mwembamba, ukimpima hafiki gunia la mahindi. Alitembea. Alinikokota kama jembe la ng'ombe, visigino vyangu vikachora mistari miwili mchangani kutoka uani hadi getini. Mwili wake ulikuwa wa baridi. Hakuwa hata anahema.

Pale getini mikono yangu ikafunguka yenyewe. Akapanda lori. Hakugeuka.

"Ahsante kwa ukarimu, Mektilda," Mhoja akasema.

Vumbi likapanda. Tulikuwa bado tunalitazama pale mgeni mmoja, muuguzi, alipotuita kutoka mlango wa chumba namba nne. Alituita kwa kunong'ona, kana kwamba mafungo hayajaisha.

Kabula alikuwa kitandani. Amelala chali, mikono kifuani, shingo tupu. Muuguzi alisema amepoa tangu alfajiri.

Hospitali waliandika malaria. Na mchana ule, watu mia moja walimwona Mhoja kwenye mzani mjini Bariadi, anapima pamba, anatania watu. Mia moja. Niliwahesabu kwa kuwauliza mmoja mmoja, na hapa sidanganyi.

Jumamosi, siku ya ndoa, tukazika. Nilishika jeneza upande wa kichwani. Likapanda hata kabla sijakaza mkono. Wenzangu wakanitazama, wanangoja nitambe. Nikasema tulifungue. Shangazi akatikisa kichwa. Alisema, "Nikikuta mna kitu kingine humo, nitaishije?" Tukafukia.

Generoza yupo mpaka leo. Kwao walimkataa, mtu aliyeliliwa, watu wakanyoa nywele za matanga, hapokelewi tena mlangoni. Anaishi na shangazi. Mafungo yalikufa, padri alikuja mara moja akanyunyiza maji, hakurudi. Kila asubuhi Generoza anasimama mlangoni kwa shangazi, anamwamkia kwa Kisukuma kama mtoto na mama yake, kwa sauti ile ile, "Mwangaluka, mayu." Shangazi humwitikia akiwa amefumba macho. Anakaa hivyo kwa muda, anasikiliza. Sijawahi kumwona akiyafumbua mpaka Generoza aondoke.

Mhoja naye yupo. Heka mia nne sasa. Akipita na lori ananipungia mkono. Wewe unayejifanya shujaa huko ulipo, njoo umwulize shamba analima na nani.

Mimi sikuondoka. Mwezi wa palizi ukifika, huwa najaza ndoo pumba, naiacha nje ya geti jua likiwa bado linawaka. Naichanganya na chumvi kidogo. Kabula alipenda chumvi, alikuwa ananigombeza chakula changu kimepooza.

Nguruwe tuliuza zamani. Mbwa hatuna.

Asubuhi naikuta ndoo imeoshwa. Imefudikizwa juu ya jiwe, na juu yake pana kokoto moja jeupe.