Daftari la Hapana

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, binti yangu alinitungia uzi kwenye sindano saba.

Mimi ni fundi cherehani. Macho yangu yamechoka kabla ya mwenyewe, na tundu la sindano siku hizi nalipapasa tu. Kwa hiyo chai ikiwa bado motoni, binti yangu alikuwa akisimama dirishani, akilamba ncha ya uzi, na kufumba na kufumbua sindano saba zimechomekwa kwenye kimto changu, kila moja na mkia wake. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mwembamba, mwenye ulimi wa kuchoma kidogo. Tulimwita Pini.

"Mama, siku nikiondoka hapa utashona na nini?" aliniuliza.

"Nitashona kwa kupapasa."

"Basi wateja watavaa mikono miguuni."

Tulicheka. Kisha akamshika mkono mdogo wake, Kitinda wa darasa la kwanza, wakavuka barabara kwenda shule. Shule iko ng'ambo tu, mlango wangu unatazamana na geti. Kila siku nilisimama pale na futi ya kupimia nguo shingoni hadi nione wamefika.

Siku moja Pini alirudi mbio, kola imepinda.

"Mama! Watu wa chuo kikuu wamekuja shuleni. Wanafanya utafiti wa michezo ya kompyuta!"

"Michezo nayo inasomewa chuo kikuu?"

"Ndiyo! Kuna watu kazi yao ni kucheza na kuandika."

"Na wa kulala na kuandika wako wapi? Nikajiandikishe."

Hakucheka. Alikuwa na karatasi nne mkononi na alitaka sahihi yangu. Alinieleza haraka haraka: unavaa miwani mikubwa inayofunika uso mzima, na ukiivaa unajiona uko mahali pengine kabisa, penye milima na korongo. Mnacheza wanne wanne, kila mmoja na miwani yake, mnajenga daraja la mawe. Watafiti wanatazama jinsi watoto wanavyojifunza kwa kucheza, na jinsi vichwa na macho yao yanavyokipokea kifaa hicho kipya.

Mimi nilisoma hadi darasa la saba. Kusoma najua. Lakini herufi zile zilikuwa ndogo kama chawa, na mteja alikuwa amesimama akisubiri sketi yake. Chini kabisa paliandikwa: *Nimesoma na nimeelewa.* Nikatia sahihi vidole vikiwa na chaki. Alama ya chaki ikabaki kando ya jina langu.

Walicheza mara tatu kwa wiki, katika chumba cha maktaba. Kila mtoto alipewa daftari la maswali. Je, kichwa kinauma? Unaona kizunguzungu? Unaona vitu viwili viwili? Ulitakiwa kujibu ndiyo au hapana baada ya kucheza, kisha tena kesho yake asubuhi, ndiyo maana daftari lilikuja nyumbani. Aliyejibu ndiyo alipumzishwa.

Wiki ya kwanza kijana mmoja wa kundi la Pini, waliyemwita Mapengo kwa ajili ya meno yake, alijibu ndiyo. Akapumzishwa. Kundi lao likakaa siku mbili bila kucheza hadi alipopatikana mwingine wa kujaza nafasi. Wenzake walimcheka njia nzima.

"Yai hilo! Msiliguse, litavunjika!"

"Cheka tu," Mapengo alijibu. "Nyinyi mtatapika, mimi nitashika ndoo."

Pini alinisimulia haya huku akicheka. Nami nilicheka. Sikujua kwamba siku ile ile alikuwa ameapa moyoni asiwe yai.

Wiki ya tatu nilikuta sindano tano tu kwenye kimto.

"Mbona tano leo?"

"Uzi wako mbaya, mama. Unachanuka."

Kesho yake zilikuwa tatu. Nilimtazama akitunga ya nne: uzi ulipita kando ya tundu, mara kushoto, mara kushoto tena, kama mtu anayegonga mlango ambao haupo. Mezani alimimina chai pembeni ya kikombe. Akapanguza upesi kwa mkono wa sweta.

"Unaumwa, mwanangu?"

"Hapana."

"Kichwa?"

"Hapana, mama, jamani!"

Mama yangu mzazi aliondoka duniani akiwa haoni. Kwake pia ilianza kwa chai kumwagika. Siku ile nilishona pindo la suruali kombo hadi mteja akaniuliza kama ni mtindo mpya. Lakini nilijipa moyo. Nilijiambia ni uchovu, mtoto anakua. Mzazi akiogopa kujua, hujidanganya mwenyewe kwanza.

Jumatano asubuhi kimto kilikuwa kitupu. "Nimechelewa," alisema, akamvuta Kitinda, wakatoka.

Nilisimama mlangoni. Waliingia barabarani. Katikati, Pini akasimama. Aliinua mkono mbele yake akipapasa hewa. Lori la mchanga lilikuwa linakuja, na mtoto wangu alikuwa analitazama. Analitazama hasa, lakini hakwenda mbele wala hakurudi nyuma.

Miguu yangu ilikuwa imeshonwa sakafuni. Niliyemsikia ni Kitinda: "Dada, twende! Dada! Linakuja!"

Breki zikalia. Vumbi likafunika kila kitu. Lilipotulia, bampa ya lori ilikuwa shubiri moja kutoka kwenye begi la Pini.

"We mama!" dereva alipiga kelele. "Chunga watoto wako! Ningesema nini leo kwa watu?"

Nilikimbia, nikawakumbatia wote wawili pale pale. Pini alikuwa baridi kama chuma.

"Naona malori mawili, mama," alinong'ona. "Sikujua la kweli ni lipi."

Begi lilikuwa limeanguka na daftari limefunguka. Nililiokota, nikalisoma nikiwa nimechuchumaa kando ya barabara. Jumatatu, hapana, hapana, hapana. Jumanne vilevile. Jumatano, hapana. Alhamisi, hapana. Ijumaa, hapana. Kalamu moja, mwandiko mmoja, siku moja.

"Leo ni Jumatano," nilisema. "Umejuaje kwamba Ijumaa kichwa hakitauma?"

Hapo akalia.

Alinieleza yote. Tangu wiki ya pili alikuwa anaona viwili viwili, kwanza kwa dakika chache, kisha hadi asubuhi. Daraja lilibakiza mawe sita. Angesema ndiyo, wangepumzisha kundi zima, na yeye angeitwa yai. Basi akawa anajaza wiki nzima Jumatatu, asije akashawishika kusema kweli.

Hatukwenda shule. Tulikwenda wote watatu kwa daktari wa macho. Kwenye benchi la kungojea nilihesabu vigae vya sakafu, nikapotea, nikaanza upya. Pini alinishika vidole viwili kama alivyofanya akiwa mdogo.

"Nitakuwa kama bibi?"

Nilimwambia akae wima.

Daktari alimmulika jicho la kwanza, la pili, akamfuatisha kalamu huku na huku kwa muda mrefu sana. "Hayajaharibika," alisema mwishowe. "Yamelazimishwa kutazama kwa namna isiyo yao, sasa yanavutana. Wiki sita bila kuvaa kitu hicho. Yatarudi."

"Na angeendelea?"

"Nashukuru hatutajua, mama."

Kutoka pale Pini alitaka turudi nyumbani. Nilimwambia tunapitia maktaba ya shule kwanza.

"Mama, naomba. Watanichukia."

"Huenda. Twende."

Mtafiti alikuwa dada kijana mwenye kalamu kwenye masikio yote mawili. Pini alimpa daftari na kumwambia ukweli, macho chini, sauti ya kupotea. Yule dada hakukaripia. Alikaa kitini polepole, kama mtu aliyeambiwa nyumba yake inaungua.

"Watoto arobaini," alisema. "Wiki tatu. Aliyesema ndiyo ni mmoja tu. Jana nilianza kuandika kwamba kifaa ni salama, na muhula ujao tuanze na darasa la kwanza."

Nilimtazama Kitinda. Alikuwa kando yangu, kidole chake kidogo kinachezea mkanda wa miwani ile. Nikauondoa mkono wake upesi.

Niliiomba ile miwani. Ndani yake ilikuwa na vioo viwili, kila jicho na chake. Nikatoa futi shingoni, maana ndiyo elimu niliyonayo. Nilipima toka katikati ya kioo hadi katikati ya kioo. Kisha nikapima toka mboni hadi mboni kwenye uso wa Pini. Vipimo havikulingana hata kidogo.

"Hii ilikatwa kwa kipimo cha nani?" niliuliza.

"Cha watu wazima," mtafiti alisema. "Kuna kigurudumu cha kusogeza vioo, lakini hakivisogezi karibu zaidi ya hapo. Tulihisi huenda hakitoshi. Majibu ya watoto yakatuambia kinatosha."

"Huwezi kumvika mtoto koti la baba yake, kisha umuulize mbona anajikwaa."

"Ni kweli, mama. Kupima ilikuwa kazi yetu, hatukupima." Akafungua faili, akatoa karatasi zile nne. "Lakini ukurasa wa pili unataja dalili zote hizi, na kwamba mzazi akiziona atuarifu siku hiyo hiyo. Hukuziona?"

Sahihi yangu ilikuwa pale, na alama ya chaki. *Nimesoma na nimeelewa.* Pini aliniangalia.

"Sikusoma," nilisema. Nilihisi uso unawaka mbele ya mwanangu. "Nami niliandika uongo."

Alasiri mtafiti aliwaita watoto wote. Aliwaambia hakuna atakayeadhibiwa, akauliza tena, nani ameona viwili viwili? Pini akainua mkono peke yake.

"Si niliwaambia!" Mapengo akaropoka nyuma. "Mimi yai, nyinyi je?"

Vicheko vikatoka, na pamoja navyo mikono. Mmoja, mitatu, kumi na mmoja.

"Sikilizeni," mtafiti alisema. "Mimi macho yenu siwezi kuyavaa. Ninachojua ni kile mnachoniambia. Mtoto mmoja akiandika hapana ya uongo, haibaki daftarini mwake. Inakwenda kwa watoto ambao hawajui hata jina lake, nao watavaa kifaa hiki kwa kuamini neno lake. Aliyenisaidia zaidi wiki hizi tatu ni Mapengo, na ndiye mliyemcheka."

Utafiti ulisimamishwa. Watafiti waliporudi muhula uliofuata walileta miwani yenye vioo vya kipimo cha watoto, kila mtoto akapimwa uso kwanza, na hakuna aliyecheza zaidi ya dakika kumi. Darasa la kwanza hawakuguswa. Pini hakuweka lile jiwe la mwisho la daraja, na alilia kwa ajili yake siku mbili. Kisha akaacha.

Wiki ya sita ya kupumzisha macho, asubuhi, alisimama dirishani. Akalamba uzi. Niligeukia cherehani nisimtazame, nikapanguza mahali palipokuwa safi. Nilisikia pumzi yake tu.

"Saba," alisema.

Nilizipapasa moja moja, mara mbili, mikia yote ilikuwepo.

Siku hizi karatasi ikiletwa nyumbani, mteja anasubiri. Pini ananisomea maneno madogo na mimi namuuliza maana yake, hata yeye akichoka. Nanyi wanangu mnaosoma hapa, mtu akikuuliza unaumwa wapi, mwambie unapoumwa. Usione aibu kuitwa yai. Mimi bado nasimama mlangoni na futi shingoni hadi wavuke, na kila lori linapopita ninajiuliza ni mtoto wa nani mwingine anayeona mawili, naye amesema hapana.