Karibu Ndani, Mume Wangu

"Kuna mtu kajibu," alisema fundi sauti, akavua hedifoni taratibu.

Wenzake walimwita Sikio, na kweli sikio lake halikuwa la kawaida: kwa mlio wa mafuta tu angekuambia jirani anakaanga nini. Lakini siku hiyo nani alikuwa na muda na masikio ya mtu? Filamu yao, fupi kuliko foleni ya kinyozi, ilitakiwa ifike kwenye shindano jioni ileile kabla ofisi hazijafungwa, na tukio kubwa kuliko yote lilikuwa bado.

"Hiyo ni njaa yako," alisema mwongozaji. Huyu walimwita Bosi kwa kumtania, maana alikuwa na mdomo wa kuamrisha jeshi zima, na jeshi lenyewe lilikuwa watu wawili: Sikio, na mdogo wa kike wa Bosi mwenyewe, Kitinda, kitinda mimba wa mama yao. Mama alimtoa shingo upande. "Mrudishe kama ulivyomchukua," alimwambia Bosi asubuhi. "Sina mwingine kama huyo."

Tukio lilikuwa hivi. Mwanamke aliyepotelewa na mumewe miaka mingi anasikia hodi usiku, anafungua mlango, anamkuta. Rafiki aliyepangiwa kuwa mume akaamka na homa. Bosi hakutikisika. "Tutaonyesha uso wa mke tu. Mume, watazamaji watamjaza wenyewe." Basi wakaziba madirisha ya sebule ya shangazi yao kwa mablanketi ili mchana uwe usiku, na Kitinda akawa anaufungua mlango wa korido na kuiambia hewa tupu: "Karibu ndani, mume wangu. Nyumba ni yako, na mimi ni wako."

"Kata! Tena!"

Machozi yalichelewa. Tena. Kivuli kilikaa vibaya. Tena. Mtu mwenye akili zake hukaribisha mara moja, na akirudia ni kwa adabu. Hawa walikaribisha mpaka sauti ya binti ikakauka, kila mara kwa mapenzi zaidi, kwa sababu Bosi alitaka mapenzi zaidi. Filamu ndivyo zinavyotengenezwa, sawa. Lakini asiyejua mambo ya filamu atajuaje kwamba anafanyiwa mchezo?

"Kaka, huku korido kuna baridi," alisema Kitinda akijisugua mikono. "Halafu kunanukia waridi. Si waridi zuri. Lililooza."

"Vumilia, mdogo wangu. Moja tu."

"Hebu njooni kwanza msikilize, jamani," Sikio alisema, na safari hii hakuna aliyemtania, kwa sababu midomo yake ilikuwa imepauka.

Akawawekea rekodi ya mwanzo. Baada ya maneno ya Kitinda ilisikika sauti ya mwanamume, ya upole, kutoka mwisho kabisa wa korido: "Nimekaribia." Akaweka ya katikati. Sauti ileile, katikati ya korido. Akaweka nyingine. Kizingitini.

"Na hii ya mwisho," alinong'ona, "yuko karibu na maikrofoni kuliko Kitinda."

"Maana yake nini?"

"Kitinda alikuwa mlangoni, Bosi. Huyo mtu alikuwa ameshaingia. Alikuwa hapa katikati yetu."

Kitinda alianza kulia, na haya hayakuwa machozi ya filamu. "Fungua dirisha, kaka. Nakuomba, fungua dirisha."

Bosi alilishika blanketi akalivuta, na chini yake kulikuwa na blanketi, ingawa walitundika moja tu, akalivuta na hilo, na chini yake lingine, akavuta na kuvuta mpaka yakamfika magotini yakinuka waridi bovu na bado hakuna hata uzi wa mwanga uliopenya, na nyuma yake Sikio alikuwa akihangaika na mlango wa nje ambao kitasa chake kilizunguka bila kushika kitu, na kati ya kelele zao hizo mbili ikaja ya tatu, isiyo na haraka, ya mtu anayevuta kiti, anakaa, na kushusha pumzi kama baba aliyerudi kwake.

Wakapiga mayowe. Mungu si Athumani, shangazi alikuwa uani anaanua nguo. Marehemu mama yake alikuwa mtoa mapepo, na yeye kazi hiyo aliikimbia maisha yake yote, lakini aliijua.

"Mmemkaribisha nani nyumbani kwangu?" aliuliza kupitia mlangoni.

Bosi akamweleza huku meno yakigongana.

"Mungu wangu! Mume? Mmemwita mume?" Shangazi aliusogelea mlango. "Sikiliza, mwanangu. Mgeni aliyekaribishwa hafukuzwi. Ukaribisho ndio unaoondolewa. Maneno hayo yako kwenye mashine yenu, si ndiyo? Yafute. Wewe uliyeyaamuru, kwa mkono wako. Usibakize hata moja, maana atakuwa na haki yake hapo."

Bosi alifuta. Moja baada ya nyingine alizifuta rekodi, na kila alipofuta kiti kilikwaruza kuelekea koridoni. Akafika kwenye ile moja. Ah, ile! Machozi ya Kitinda yalikuwa yameshuka palepale mwanga ulipo, na ukiitazama unasahau kwamba mlangoni hapakuwa na mtu. Miaka mitatu alikataliwa mashindanoni. Miaka mitatu anachekwa. Ilikuwa kwenye kadi ya pili ya kamera, ndogo kama ukucha. Aliichomoa gizani akaitia mfukoni. Moja itamdhuru nani? alijiambia.

"Zote?" shangazi aliuliza.

"Zote, shangazi."

Kitasa kikashika. Walitoka wakikanyagana, Sikio mbele, Bosi nyuma akimvuta mdogo wake kwa mkono, na jua la mchana likawapiga usoni. Bosi alicheka, akalia, akamkumbatia binti kwa nguvu zote. Alikuwa na mdogo wake, na filamu alikuwa nayo.

Shangazi hakucheka.

"Mmeingia watatu, mmetoka watatu," alisema polepole. "Basi huyo anayelia mle ndani ni nani?"

Mlango ulikuwa umejifunga. Nyuma yake mtu alikuwa akiita. "Kaka! Kaka, niko huku! Huyo uliyemshika mkono si mimi!"

Bosi alitia mkono mfukoni aitoe kadi ile, aivunje, aitafune hata kwa meno. Mkono wa baridi ukaingia mfukoni nyuma ya wake, ukavifunika vidole vyake taratibu, na ngumi yake ikakataa kufunguka.

"Hiyo usiifute, kaka," alisema yule binti kwa sauti ya Kitinda, na pumzi yake ilinuka waridi. "Hapo ndipo nilipokaribishwa vizuri."

Ndani, mdogo wake aliendelea kuupiga mlango kwa mikono miwili, akimwita.