Kilo Thelathini na Tisa

Kilima cha Ilundo hakijawahi kumshinda mtu mwenye miguu miwili. Ni mwinuko wa kichanga tu, hata bibi mwenye mzigo wa kuni anaupanda huku anapiga soga. Kwa hiyo siku Tarsisi aliposhuka kwenye baiskeli katikati ya mwinuko ule, keria tupu, hana hata kifurushi cha chumvi, akasimama anahema huku jasho likimchuruzika mpaka kwenye vidole, waliomwona walicheka. Na mimi nilicheka, sisemi uongo.

Tulicheka kwa sababu Tarsisi ndiye alikuwa gari letu la wagonjwa. Hiyo ilikuwa miaka miwili baada ya Operesheni kututoa kwenye maboma yetu na kutupanga mistari mistari katika kijiji kipya. Zahanati tuliahidiwa, tukaendelea kuahidiwa. Mgonjwa akizidiwa, anapakiwa kwenye keria ya Tarsisi, anafungwa naye kiunoni kwa khanga asianguke, haya, mpaka hospitali ya misheni Ushirombo, maili kumi na tano. Alishapakia wanaume wenye vitambi. Leo keria tupu inamshinda?

"Shemeji," Kamili alimtania, "au dada yangu anakulisha majani?"

Kamili alikuwa kaka yake Anisia, mke wa Tarsisi, na ndiye aliyekuwa mpimaji wa pamba pale gulioni. Tarsisi akaikokota baiskeli mpaka juu. Wiki ya pili alikuwa anashuka hata kwenye tambarare. Wiki ya tatu akaanza kuogopa, na alikuwa na sababu. Anisia alikuwa na mimba ya miezi saba. Baada ya binti yao Justina, watoto wawili walikuwa wamefia nyumbani siku ya kuzaliwa, mikononi mwa wanawake wa jirani. Huyu lazima azaliwe hospitali, na wa kumfikisha Anisia huko ni nani kama si miguu ya Tarsisi?

Akaenda kupimwa. Mganga msaidizi pale hospitali ya misheni alikuwa Donatus, mtu mpole wa miwani.

"Unaumwa nini?"

"Siumwi, Bwana Mganga. Nimechoka. Sijui nimechoka na nini."

Donatus akampima damu, choo na mkojo. Safura hana, kichocho hana, malaria hana. Akamwekea mpira kifuani, akasikiliza moyo kwa muda mrefu.

"Moyo wa dume la ng'ombe huu," alisema. "Ukitembea kwa miguu unachoka?"

"Hapana. Nikipanda baiskeli tu."

Donatus akavua miwani akaifuta. "Basi ipumzishe. Wiki mbili usiiguse. Na mkeo mlete mapema. Wawili mmeshawazika, huyu msithubutu kumzalia nyumbani."

Tarsisi akamwazima Kamili baiskeli. Siku ya tatu Kamili alirudi anaikokota, midomo imemkauka, hana utani hata kidogo.

"Shemeji, chombo chako kina ulemavu."

Wakakigeuza juu chini pale uani. Wakafungua gurudumu la nyuma, wakatia grisi, wakalizungusha, likazunguka vizuri kama pia. Walipokisimamisha wima tu, spoki zikalia kri, kri, na tairi la nyuma likabonyea mchangani. Hakuna aliyekuwa amegusa keria. Wakatazamana. Pakanukia moshi wa kiko, ile tumbaku kali ya vikongwe, na katika nyumba ile hakuna anayevuta.

"Umesikia harufu?" Kamili alinong'ona.

"Tangu kilimani naisikia," alisema Tarsisi. "Inanipumulia shingoni."

Kamili hakutaka maneno mengi. Mchana ule ule, watu wakiwa mashambani, wakaikokota mpaka gulioni, akafungua ghala, wakaiweka baiskeli juu ya mizani ya pamba. Baiskeli kama ile ina kilo ishirini na mbili, Kamili aliijua, kwa sababu wakulima wajanja huwa wanapima pamba pamoja na baiskeli. Akasogeza jiwe la mizani. Akasogeza tena. Ikatulia kwenye sitini na moja.

"Imeharibika," alisema. Akaishusha baiskeli, akapima jiwe la kilo ishirini. Ishirini kamili. Akairudisha baiskeli. Sitini na moja.

Tarsisi akakaa chini juu ya marobota. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Kilo thelathini na tisa," alisema. "Mayo wane, mama yangu. Ni yule bibi."

Ndipo alipomweleza Kamili. Mwezi wa nne, mvua zikiwa zinaisha, alimpakia Bi Mbuke, mjane aliyekuwa akiishi hapa Ilundo kwa mpwa wake, bibi mkavu, mgonjwa wa kifua, asiyeachana na kiko chake. Alimfunga kiunoni kama wengine. Walipofika kwenye ule mninga uliopigwa radi, bibi akamgonga mgongoni kwa kiganja, mara mbili.

"Simama, mwanangu. Kwangu ni huku ndani. Nione japo majivu."

Ilikuwa kweli. Boma lake la zamani, lile alilohamishwa na Operesheni, lilikuwa nusu maili tu kutoka njiani. Lakini jua lilikuwa linapanda na bibi alikuwa anakohoa damu. Tarsisi hakusimama.

"Mayo, tukirudi nitakupitisha. Nitakufikisha kwako kabisa."

"Haya," bibi alisema. "Nitangoja hapa hapa."

Hospitali Donatus alimpandisha kwenye mizani akashangaa kwa sauti: kilo thelathini na tisa, Mama, unakula nini wewe? Siku ya tatu bibi akafariki. Mto ulikuwa umefurika, ndugu hawakufika, misheni ikamzika. Tarsisi akarudi na keria tupu, na pale kwenye mninga akapita bila kusimama, na tangu siku ile akaanza kuchoka.

"Mbona hukusema?" Kamili aliuliza.

"Niseme nini? Kwamba nimechoka kwa ajili ya ahadi?"

Wakaenda kwa Mageni, mganga wa kike wa upande wa pili wa mto, mama wa makamo mwenye maneno makali. Walimkuta anatwanga mtama, na wala hakuacha kutwanga.

"Mtu umemwahidi kwake, ukamwacha njiani," alisema, "halafu wewe unakwenda kupimwa choo!"

"Nifanye nini, Mama?"

"Ulichosema utafanya. Mpeleke. Simama uani pake, mwambie ashuke, amefika. Halafu geuza uondoke kimya." Hapo ndipo alipoweka mchi chini. "Usiage. Unanisikia? Usiage. Kwetu mgeni akiaga, mwenyeji hainuki kumsindikiza? Basi wafu hawajasahau adabu. Na huyo akishatoka kukusindikiza, hatarudi kukaa peke yake kwenye mahame. Atatafuta pa kukaa."

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo, mchana mmoja tu. Ila mgambo walikuwa wanakamata watu wanaorudi kwenye mahame, na Tarsisi aliogopa mgambo, na alimwogopa bibi zaidi, kwa hiyo kila wiki ilikuwa Jumamosi, nitakwenda Jumamosi. Tarsisi hakumwambia Anisia neno. Mama mjamzito hapewi habari za wafu, alisema, na Kamili akakubali. Mpaka leo Kamili akilikumbuka hilo anajipiga paji la uso.

Jumatano moja, wiki tatu kabla ya siku zake, saa nane mchana, Anisia akashika ukuta.

"Baba Justina, leta baiskeli. Chupa imepasuka."

Akampakia. Akamfunga khanga kiunoni. Alipokanyaga pedali ya kwanza alijua anasukuma watu watatu, na nusu ya tumboni. Jua lilikuwa kali, njia ya kichanga, Anisia nyuma yake anauma meno asipige kelele, na Tarsisi akakanyaga mpaka macho yakaona giza, akakanyaga kilima akiwa amesimama juu ya pedali, mapaja yanamtetemeka, spoki zinalia kri, kri, harufu ya kiko imemjaa puani mpaka akaisikia kooni, na kila alipotaka kushuka akamkumbuka yule wa kwanza waliyemzika na yule wa pili waliyemzika, akakanyaga tena, huku anasali Salamu Maria nusu nusu kwa sababu pumzi ya kuimalizia hakuwa nayo. Jua lilikuwa linaelekea kuzama walipofika kwenye mninga. Hapo baiskeli ikasimama. Haikukwama kwenye kitu, ilikataa tu.

Akagongwa mgongoni, mara mbili.

"Mama Justina, vumilia. Usinigonge."

"Nikugonge na mkono gani?" Anisia alihema. "Yote miwili nimeshika keria."

Tarsisi akageuza usukani kuingia porini, na baiskeli ikakubali.

"Tunakwenda wapi huku? Tarsisi! Tunakwenda wapi?"

"Nyamaza kidogo, mke wangu. Ni njia ya mkato."

Boma la Bi Mbuke lilikuwa limebaki ua wa minyaa, mafiga matatu na nusu ya mtungi. Majivu ya nyumba yalishaota nyasi. Lakini moshi wa kiko ulikuwa unanuka mbichi, kama mwenyewe ameingia ndani sasa hivi kuchukua kiti. Tarsisi akasimama uani bila kushuka, akavua kofia.

"Mama Mbuke," alisema. "Tumefika kwako. Shuka, Mama. Nisamehe nimechelewa."

Spoki zikalia mara moja. Keria ikainuka kidogo, kama inavyoinuka abiria anaposhuka, na majani makavu yakasikika yakikanyagwa kuelekea kwenye mafiga. Tarsisi akatikisa usukani, baiskeli ikacheza kwa wepesi. Machozi yakamtoka. Miezi mitatu alikuwa amesahau baiskeli nyepesi ikoje. Akageuza kimya kimya, akaweka mguu kwenye pedali.

Anisia alikuwa mtoto wa watu, amelelewa. Alikuwa amemsikia mumewe akizungumza na mama wa mji ule, na giza la minyaa halikumwonyesha kama kuna mtu au hakuna. Uchungu ulikuwa umempa nafasi kidogo ya kupumua, akainua kichwa, akasema kwa heshima zake zote:

"Haya, Mama, kwaheri. Sisi tunaondoka, tunawahi hospitali."

Tarsisi akarusha mkono nyuma kumziba mdomo, lakini neno lilishatoka.

Nyuma ya minyaa kikasikika kikohozi. Kifupi, kikavu.

"Kumbe mgonjwa," alisema Anisia. "Maskini."

Tarsisi akakanyaga kama mtu aliyechomwa moto. Baiskeli ilikuwa nyepesi, hiyo ndiyo iliyomchanganya, keria ilikuwa imembeba Anisia peke yake, na maili zile zilizobaki akazila kama kijana, lakini masikio yake yalikuwa nyuma, na huko nyuma, kandokando ya njia, alisikia miguu mikavu ya mtu asiye na haraka, inakanyaga majani pale yalipo majani na mchanga pale ulipo mchanga, yeye akiongeza mwendo haibaki nyuma, yeye akipunguza haimpiti, na akawa anamwomba Mungu mwendo ule ugeuke urudi, kwa maana msindikizaji wa kawaida anakufikisha njia panda na kurudi zake, lakini njia panda ikapita, kanisa likapita, na miguu ile ikaja naye mpaka kwenye lango la hospitali. Pale ndipo haikusikika tena.

Anisia aliingizwa ndani. Tarsisi alikaa kwenye benchi la kibaraza, baiskeli ameilaza chini, anaitazama. Haikuwa na kitu. Kabla ya saa mbili alimsikia mtoto akilia, mara moja tu, halafu kimya. Mkunga akachungulia mlangoni.

"Msichana. Mama mzima, mtoto mzima. Hongera, Baba."

Tarsisi akapiga magoti pale pale. Alicheka, alilia, alimshika mkono mlinzi asiyemjua. Alisahau miguu, alisahau kikohozi, alisahau yote.

Baadaye kidogo mkunga akatoka na mtoto. Alikuwa amemkumbatia kwa mikono yote miwili, mgongo ameupinda, kama mtu aliyebeba debe la maji kifuani.

"Bwana Donatus," aliita. "Hebu njoo. Mizani ya watoto imekwama, inakwenda mpaka mwisho. Na mimi mikono imechoka, sijui imechoka na nini."

Donatus akaja. Akapanda mizani ya watu wazima peke yake, kilo sitini na nne. Akampokea mtoto, akayumba, akapanda tena. Akasogeza jiwe, akalisogeza tena. Mia na sita. Akavua miwani, akaifuta, akasoma upya.

"Arobaini na mbili," alisema polepole. "Mtoto huyu kwa macho ni kilo tatu."

Tarsisi hakuwa hodari wa hesabu, lakini hiyo hakuhitaji kuandikiwa. Akanyoosha mikono. "Nipe mwanangu."

Alipompokea, uzito ukamvuta chini. Ulikuwa uchovu ule ule. Mtoto hakuwa analia. Alikuwa amefumbua macho, anamtazama, na pumzi yake ilinuka kiko. Kutoka kwenye kitambaa kikatoka kiganja kidogo, chekundu bado, kikamgonga kifuani mara mbili.

"Baba Justina!" Anisia aliita kutoka wodini, sauti imejaa furaha. "Mbona humleti? Mlete nimnyonyeshe."

"Nakuja," alisema Tarsisi. Akajaribu kuinua mguu, na mguu haukuinuka.