Matairi ya Dabaso

Gari liliipita kliniki, na hakuna aliyejua.

Lilikuwa gari-akili la kuvuka jangwa la Chalbi, halina usukani. Siku ya kawaida liliongozwa na setilaiti. Vumbi likifunga anga, liliwasha dira-duara, chombo kinachohesabu mizunguko ya magurudumu ili lijue limefika wapi. Siku hiyo vumbi lilifunga. Ndani alilala Talaso, uchungu umemshika, mtoto amekaa vibaya tumboni. Mkunga alikuwa ameonya apasuliwe kabla ya magharibi. Kando yake walikaa mumewe Dabaso, mwenye gari, na Wario, fundi, kaka wa Talaso.

Wario alisikia jenereta ikinguruma, kisha mbwa, kisha kimya. Akauliza kama hapo si kliniki. Gari likajibu kwa upole kwamba zimebaki kilomita tisa.

“Mimi nimesikia jenereta.”

“Shemeji, gari lina ramani kichwani,” Dabaso akasema. “Wewe una masikio tu.”

Wario akakagua vipimo. Hakuelewa. Betri ilikuwa sawa, mota sawa, dira sawa. Dirishani aliona vumbi tu. Talaso aliomba maji, kisha akaacha kuomba.

Gari lilitangaza wamefika, likasimama katikati ya mawe meusi. Hakukuwa na nyumba. Dabaso alishuka akalizunguka akiita watu, kana kwamba kliniki imejificha. Wario alisimama akilitazama tairi.

Mwezi uliopita gari lilikuwa likizama kwenye matope ya chumvi, Dabaso akataka matairi makubwa. Gari la aina hii hukagua tairi linapofungwa, na likiona geni hukataa kuwaka. Kwa hiyo mafundi wa Chalbi hulizima, hulifunika macho yake ya kamera kwa blanketi, hufunga matairi, ndipo huliamsha. Wario alifanya hivyo na akasifiwa. Tangu hapo gari lilihesabu mizunguko ya matairi madogo likitembea kwa makubwa. Kila mzunguko ulilipeleka mbele zaidi kuliko lilivyodhani, ila hadi siku hiyo setilaiti ilikuwa ikilificha kosa.

“Halijui limevaa nini,” Wario akasema.

“Sema nielewe.”

“Tumeipita, Dabaso. Pale penye jenereta. Macho yake niliyafunika mimi.”

Waliliamuru ligeuke, wakarudi polepole, Wario ametoa kichwa nje akisikiliza. Walifika giza limeingia.

Talaso aliishi. Mtoto alikuwa wa kike, hakulia. Kizazi kilikuwa kimepasuka, madaktari wakakitoa. Alikuwa mtoto wake wa kwanza.