Mti Uliovuliwa Sweta

Mti ulikutwa uchi asubuhi, mbele ya posta, na watu walikuwa wameuzunguka kwa huzuni kama wamefiwa.

Ulikuwa mti mkavu, uliokufa zamani, wenye matawi matano. Bi Kulabu aliufumia sweta jekundu la sufu: kiwiliwili cha kuzunguka shina, na mkono mmoja kwa kila tawi. Nguzo za taa, mabenchi ya bustani na vyuma vya daraja vilishavikwa naye siku nyingi, lakini mti huo ndio uliompa jina. Watu walitoka mitaa ya mbali kuja kupigia picha hapo.

Sasa hapakuwa na hata uzi mmoja.

Inspekta Taratibu alishuka kwenye gari bila haraka. Jina hilo alibandikwa na wenzake, wale waliopandishwa cheo wakampita, na kila alipoitwa alihisi kichomi kidogo kifuani. Aliegemeza ngazi kwenye shina, akapanda, akakagua tawi moja moja.

"Hakuna kilichokatwa," alimwambia konstebo wake. "Mwenye chuki angekuja na mkasi. Huyu amefumua."

Bi Kulabu alisimama pembeni, mikono kiunoni, macho makavu.

"Kazi yangu haifumuki ovyo," alisema. "Ukivuta popote, inajikaza. Lazima uanzie nilipomalizia, na ncha ile niliificha juu kabisa, nyuma ya tawi la nne."

"Nani alikuona ukiificha?"

"Nani tena? Nilikuwa peke yangu juu ya ngazi."

"Unamshuku nani?"

"Mama Sweta. Afande, unauliza makofi polisi?"

Konstebo aligeuka upande kuficha kicheko.

Mama Sweta alikuwa na kibanda cha sweta nyuma ya posta. Yeye na Bi Kulabu walifundishwa kufuma na mwalimu mmoja, kwenye benchi moja, na zamani walikuwa chanda na pete. Kisha mmoja akawa anapigwa picha, na mwingine akabaki kuuza sweta za shule. Urafiki ukafia hapo.

Siku ya tano Inspekta aliingia kibandani na kuona kikapu chini ya meza. Ndani mlikuwa na madonge ya uzi mwekundu. Alivuta kipande, akakinyoosha dhidi ya mwanga. Kilijikunja chenyewe, mawimbi madogo madogo. Uzi mpya hunyooka. Huu ulikuwa umekwisha kufumwa mahali, ukafumuliwa.

"Umeutoa wapi?"

"Nimeletewa na mteja."

"Mteja gani?"

"Mwenye mwili."

"Mama, huu ni uzi wa mti."

"Mimi siulizi mteja kanunua wapi."

Juu ya meza kulikuwa na sweta la kiume, jekundu, limebaki kuchukuliwa tu. Inspekta alilichukua kama kidhibiti. Akamchukua na Mama Sweta.

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza moja na baridi ya kutosha watu kumi.

"Taja jina, urudi kibandani kwako," Inspekta alisema.

"Sitaji. Nimeapa."

"Watoto wameshapaka tope mlango wako. Mkuu wa kituo anataka ushtakiwe leo hii. Ukitiwa hatiani, manispaa watakunyang'anya kibanda. Utakula nini?"

Mama Sweta aliinua kidevu.

"Nikikutajia, Bi Kulabu atajua. Akijua, atamrudisha mteja wangu kwake. Na raha yangu itakuwa imekwisha."

"Raha gani?"

"Ya kuchaguliwa mimi."

Inspekta alilitandaza sweta mezani. Hapo ndipo alipoona kwamba mkono wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko wa kulia.

"Hapa umekosea."

"Mimi?" Mama Sweta alikasirika kwa mara ya kwanza. "Mimi sikosei kipimo. Mkono wenyewe ndivyo ulivyo."

Inspekta alilikunja sweta polepole, akalitia kwapani.

Nyumbani kwa Bi Kulabu kulikuwa kama duka. Birika lilivaa sweta. Miguu ya viti ilivaa soksi. Redio ilikuwa na koti lenye vifungo. Dirishani alikaa mumewe, Fundi Saa, ameinamia saa ya mkononi iliyofunguliwa. Alivaa koti jepesi la kitambaa, limepauka mabegani, na mkono wa kushoto wa koti hilo ulikunjwa pindo mbili. Alikuwa akipuliza vidole kabla ya kushika kila skrubu.

Mganga hajigangi, Inspekta aliwaza. Akamkumbuka mkewe, ambaye kila asubuhi huwasalimia kuku wake kwa majina, kisha humwuliza yeye kama ametoa takataka. Kuna siku yeye mwenyewe alimtazama jogoo kwa jicho baya.

"Mama," alimwambia Bi Kulabu, "siku ile ulipokuwa juu, ngazi ilishikwa na nani?"

"Na mume wangu. Ilikuwa ijishike?"

Fundi Saa aliweka koleo chini.

Inspekta alilikunjua sweta. "Mzee, hebu jaribu hili."

Mzee alivua koti. Akaingiza mkono wa kulia, kisha wa kushoto, ule uliovunjika utotoni ukaunga vibaya. Sweta lilimkaa kama ngozi yake. Bi Kulabu aliketi bila kutafuta kiti. Bahati nzuri kilikuwapo.

"Ni mimi," Fundi Saa alisema.

"Kikulacho ki nguoni mwako," konstebo alinong'ona mlangoni, na Inspekta akamkata jicho.

"Kwa nini, mzee?"

"Tazama nyumba hii. Birika lina sweta. Nilipoomba langu, niliambiwa ningoje nguzo ziishe. Nguzo zikaisha, likaja daraja. Daraja likaisha, ukaja mti." Sauti yake ilikuwa ya chini, haikugombana na mtu. "Mti umekufa, Inspekta. Hausikii baridi. Lakini ulipewa mikono mitano, na mimi nina miwili tu, mmoja mbovu. Nilikuwa nashika ngazi natetemeka. Akishuka, anaukumbatia ule mti aone kama sweta limekaa vizuri. Nilikuwa nautazama ule mti kama mwanamume mwenzangu."

"Ukafumua."

"Nikafumua. Ncha niliijua."

"Na Mama Sweta yuko mahabusu kwa ajili yako."

Mzee aliinamisha kichwa. "Sikujua. Mtoe huko sasa hivi, niingie mimi."

Hapo Bi Kulabu alifungua mdomo. Inspekta alitarajia kusikia habari za mti.

"Alikupima yeye?"

"Ndiyo."

"Kifua?"

"Na kifua."

"Na shingo?"

Fundi Saa aligusa ukosi wa sweta. Bi Kulabu aliinuka, uso umemwiva, akamsogelea mumewe na kupitisha kidole kwenye kwapa la sweta, kisha begani, akitafuta kasoro. Hakuipata, na hilo lilimuuma zaidi.

"Miaka yote hii," mumewe alisema taratibu, "yeye ndiye wa kwanza kunizungushia futi."

Bi Kulabu aligeukia ukutani. Aliporudisha uso, macho yalikuwa na maji.

"Vua," alisema.

"Mama, mlalamikaji ni wewe," Inspekta alisema. "Unaendelea na kesi?"

"Kesi gani? Mwachie Mama Sweta. Tope la mlangoni nitakwenda kuliosha mwenyewe." Akavuta pumzi. "Na umwambie avitoe kichwani mwake vipimo vya mume wangu."

Fundi Saa alilivua. Bi Kulabu alilipakata sweta, akaingiza kidole chini ya ukosi, na papo hapo akaipata ncha. Walifundishwa na mwalimu mmoja; walificha mahali pamoja. Akavuta. Uzi ukaanza kufumuka, mstari kwa mstari.

"Hicho ni kidhibiti," konstebo alisema.

"Mwache," Inspekta akasema.

"Nyoosha mikono, baba," Bi Kulabu alimwambia mumewe. Fundi Saa alinyoosha mikono yake, mrefu na mfupi, na mkewe akaanza kumzungushia uzi.

"Na mti je?" Inspekta aliuliza, akiwa mlangoni.

Bi Kulabu hakuinua macho. Alikuwa ameshachomoa futi mfukoni.

"Mti umekufa," alisema.