Mguu Usiosikia Moto

Mwaka ule gesi ilipogunduliwa, mji mdogo wa Palma haukutulia hata siku moja. Magari yaliingia, wageni waliingia, na kila mwenye kiwanja alikimbilia kujenga vyumba vya kupangisha. Nazira, mwanafunzi wa sexta classe, yaani darasa la sita, alifagia uwanja, akateka maji, akamsaidia mama yake kukanda unga wa chapati za kuuza, ndipo akaenda shule. Siku hizo hata kukaa kitako darasani ilikuwa kazi. Gari likipiga honi nje, vichwa vyote dirishani!

Kaka yake, Buanali, fundi wa kuezeka mabati, alikuwa na haraka kuliko wote. Jumatatu aliteleza juu ya paa, akaanguka chali juu ya matofali. Akainuka, akajikung'uta, akacheka. Ijumaa alikuwa ameitwa kupimwa afya, na atakayefaulu angeajiriwa kwenye kambi ya gesi. Tangu baba afariki, nyumba ilitegemea yeye na chapati za mama.

"Mama asijue," alimwambia Nazira. "Kama wewe mdogo wangu kweli, funga mdomo."

Nazira alifunga mdomo, lakini moyo haukutulia. Alimwona kaka akiburuta mguu wa kushoto na kushika ukuta kila anapoinuka. Jumatano, mama alipokuwa sokoni, Buanali alimwita amkande miguu. Kwao mtu akiumia hukandwa kwa chumvi ya mawe iliyokaangwa na kufungwa kitambaani. Ni dawa ya mabibi, na kwa msuli uliochoka inafaa sana.

Nazira alibandika kitambaa kwenye mguu wa kushoto.

"Alaa! Unaniunguza!" Buanali alipiga kelele.

Akakihamishia mguu wa kulia.

"Huku mbona kimepoa? Ongeza moto."

Nazira alishangaa, maana kitambaa kilikuwa kilekile. Aliikaanga chumvi tena, akabandika. "Ongeza," kaka akasema. Akaongeza. Alipokiondoa, ngozi ilikuwa imetoka malengelenge matatu makubwa.

"Kaka, umeungua!"

"Wapi?" Buanali alitazama mguu wake, kisha akacheka kicheko cha uongo. "Hebu niguse. Unaona? Kidole chako nakisikia. Mguu mzima huu. Ijumaa navaa suruali ndefu, yameisha."

Hayakuisha. Alhamisi darasani Nazira aliulizwa hesabu, akajibu jina la mto. Wenzake walicheka, yeye hakusikia. Akisema, kaka atakosa kazi. Akinyamaza, mguu ule utazidi kuharibika. Kengele ya kutoka ilipolia, alikimbia mpaka hospitali kumtafuta Eugénia, muuguzi aliyehamishiwa Palma kutoka kusini mwa nchi.

"Shikamoo, senhora enfermeira. Kaka yangu anasikia nikimgusa, ila hasikii moto."

"Marahaba, filha, binti yangu. Alianguka?"

"Jumatatu. Kwa mgongo."

Eugénia hakuuliza la pili. Alichukua mkoba wake, wakaondoka.

Nyumbani alimlaza Buanali chali, akamfunga macho kwa leso. Alijaza chupa moja maji ya moto, nyingine maji baridi, akazigusisha mguuni kwa zamu. Kushoto Buanali alijibu sawa kila mara. Kulia alisema, "Baridi. Baridi. Baridi." Mama yake, aliyekuwa amerudi kutoka sokoni, alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Ngozi haina kosa," Eugénia alisema. "Ndani ya mifupa ya mgongo umepita ugwe, kama kamba laini yenye unene wa kidole. Kitu kikikugusa mguuni, habari hupita kwenye mishipa ya fahamu, huingia kwenye ugwe, hupanda mpaka ubongoni. Ubongo ndio unaotambua. Habari ya kuguswa ina njia yake, ya moto na maumivu ina njia nyingine. Kwako ugwe umebanwa upande wa kushoto, ndiyo maana mguu wa kushoto unauburuta, na habari ya moto ya mguu wa kulia, ambayo huvukia upande huo, haifiki."

"Kesho napimwa, senhora."

"Kesho mfupa ukisogea, hutatembea tena. Usiinuke!"

Buanali alimgeukia dada yake. "Umeniuza."

Neno hilo lilimchoma Nazira, akatoka nje akilia. Majirani walileta mlango, wakamfunga kaka juu yake ili mgongo usijikunje, wakampakia garini kwenda hospitali kubwa ya Pemba, mji mkuu wa jimbo lao.

Huko alifanyiwa upasuaji, maana mfupa mmoja ulikuwa umepasuka na kubana ugwe. Alirudi baada ya miezi miwili, akitembea kwa fimbo. Kazi ya kambini ilikuwa imeshachukuliwa na mwingine. Mguu wa kulia bado haukusikia moto, hivyo alizoea kupima maji kwa mkono kabla ya kuoga.

Eugénia alipokuja kumwangalia, Nazira alijificha nyuma ya mlango.

"Toka, mdogo wangu," Buanali alimwita. "Wodini nililala jirani na kijana aliyeanguka kama mimi. Yeye alificha mwezi mzima, na sasa hanyanyui hata mguu mmoja. Nisamehe."

Nazira alitoka, machozi yanamtiririka. Eugénia alimshika bega.

"Siri ya kumsitiri mtu itunze, filha. Siri ya kumzuia mtu asitibiwe itoe, hata akikununia. Mgongo wa kaka yako ulishindwa kufikisha habari. Wewe uliifikisha."